Tanga na watoto watatu, safari ya Mapango ya Amboni

IJUMAA, Dar kwenda Tanga

Likizo ya Juni mwaka huu tulikubaliana hatuendi kulala kwenye mchanga wa beach, tunaenda kuona pango. Wazo lenyewe ni la Mkubwa, ana miaka tisa, mwalimu wao aliwafundisha habari za miamba akataja Amboni mara moja tu, basi ikawa nyumba nzima hatupumui, asubuhi Amboni, chakula cha mchana Amboni. Wa Kati ana mitano, huyo kazi yake ni maswali. Kitinda hajafika miwili na yeye hana maoni, mradi anyonye na abebwe. Nawaita hivyo hivyo humu, majina yao wakikua watayaandika wenyewe.

Tumetoka Dar alfajiri, na bado foleni ya Kibaha ikatukuta, sijui watu wale wanalala saa ngapi. Njia ni Chalinze afu unakunja kulia, Wami, Mkata, Kabuku, Segera, hapo unaacha barabara ya Moshi unashika ya Tanga, jumla kama kilomita 350 hivi. Kwa ramani ni safari fupi lakini kila kijiji ni mwendo wa hamsini na trafiki na tochi zao za kupima spidi wamejificha nyuma ya miembe, kwa hiyo piga hesabu ya saa sita hadi saba ukiwa na watoto, mana kuna kusimama kwa mkojo, kusimama kwa kutapika na kusimama kwa sababu mtu kadondosha kiatu dirishani (Wa Kati). Kwenye daraja jipya la Wami baba watoto akapunguza mwendo akawaonyesha lile la zamani kule pembeni, jembamba, gari zilikuwa zinapita moja moja huku lori linakusubiri upande wa pili limewasha taa, wao wakaona sawa tu, hawajui tulikotoka.

Baada ya Segera kuelekea Hale unaanza kuona mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Wa Kati akauliza yale mananasi ni ya nani. Baba yake akapata nafasi ya kuongea sasa, akawaambia mkonge sio wa hapa, Mjerumani mmoja aliitwa Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasafiri mpaka ikafia njiani karibu yote, iliyofika hai ni 62 tu, na hiyo 62 ndio imezaa mashamba ya Tanga yote. Mkubwa akaanza kuhesabu mistari dirishani akitaka kujua 62 inazaaje yote hii, ikatupa ukimya wa kama nusu saa, Hindorf apumzike salama.

Muheza tukanunua machungwa, yale ya kijani nje na matamu ndani. Usiyamenyee ndani ya gari. Basi.

Shangazi yake baba watoto anakaa Ngamiani, tumefika jua limeshapinda. "Shikamoo bibi," watoto wakapokezana, "Marahaba wajukuu zangu, hamjambo, poleni na safari," akawashika vichwa mmoja mmoja akamchukua Kitinda na hakumrudisha mpaka usiku. Alivyosikia tunaenda mapangoni akanyamaza kidogo, akasema, "Kule kuna wenyewe. Mkifika mlangoni mpige hodi, msiingie kama mnaingia gulioni." Mwanaye wa mwisho akacheka, yeye hakucheka. Afu akatoa wanja akampaka Kitinda juu ya nyusi, akasema mtoto mchanga haendi giza la watu hivi hivi.

Usiku nikafanya mazoezi na watoto. Hili naliandika kwa ajili ya wenye wadogo: giza la pangoni sio la kumshtukizia mtoto. Tulizima taa ya sebuleni kwa bibi tukaweka shuka juu ya meza, kila mtu na tochi yake, tukawa tunatambaa chini ya meza tunatokea upande wa pili. Sheria tatu tu: tochi haimulikwi usoni kwa mtu, hakuna kukimbia, na ukitaka kutoka unasema "nataka kutoka" na hakuna atakayekucheka. Wa Kati akaisema hiyo ya mwisho mara nyingi bila sababu kuona kama kweli tunamtoa. Tulimtoa kila mara. Kesho yake hakuihitaji hata mara moja, mi naamini ni kwa sababu alishahakikisha inafanya kazi.

JUMAMOSI, pangoni

Saa mbili asubuhi tumeshatoka. Mapango yapo kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, unashika barabara ya Horohoro inayoenda mpaka Kenya, afu unaacha lami unaingia upande wa Kiomoni. Nenda asubuhi, nasisitiza, mchana watoto wameshachoka na huko ndani kuna joto lile la unyevunyevu, sio baridi kama watu wanavyodhani. Malipo ni ya serikali, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu, unasaini kitabu cha wageni. Na chooni mnaenda HAPO, wote, hata asiyejisikia. Ndani ya pango hakuna choo na hakuna kichaka.

Muongozaji wetu alikuwa kijana mpole, nilimpenda kwa sababu alianza na watoto kabla ya sisi. Akachuchumaa akawauliza nani anaogopa giza. Watoto kimya. Baba yao akajikohoza, akainua mkono nusu. Ni mtu mrefu na hapendi sehemu zinazobana, lifti tu yenyewe anapanda akiangalia namba, kwa hiyo mwenye wasiwasi siku hiyo tulikuwa naye toka mwanzo na hakuwa mtoto.

Nje pale chini ya miti ndio unapewa historia. Watu wa maeneo hayo walikuwa wanayajua mapango na kufanya ibada zao humo toka zamani, ila kwenye makaratasi inahesabiwa mwaka 1922, kampuni ya mkonge iliyokuwa na mashamba hapo ilipotoa taarifa kwa serikali ya Waingereza, 1937 ikatangazwa eneo la hifadhi, na 1963 likawekwa chini ya idara ya mambo ya kale. Jiwe lenyewe ni jiwe la chokaa la zama za Jurasiki, kama miaka milioni 150, maana yake hapo tuliposimama palikuwa chini ya bahari, na chokaa yote ile ni makombe na mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogandamana.

Wa Kati: "Bahari ikaenda wapi?"

Kaka wa watu akamwonyesha kwa kidole upande wa mashariki, akasema ilisogea pale, kesho muombe mama akupeleke ukaione. Jibu zuri. Mkubwa yeye milioni 150 ilimgusa kwingine, akasema huo ni umri wa mjusi wa Tendaguru, yule wa Lindi ambaye mifupa yake imesimama Berlin. Na ni kweli ni zama hizo hizo. Muongozaji akamrekebisha kitu kimoja cha maana, akamwambia jiwe ndio la zamani hivyo, tundu lenyewe ni la juzi juzi ukilinganisha, maji yalikuja kulichimba baadaye sana. Kwa hiyo hapana, dinosaria hakuwahi kulala humu. Mkubwa alihuzunika kweli.

Tulipofika mlangoni Wa Kati akasimama. Akavua kofia. Akasema kwa sauti yote, "HODIIII!" Pango likamrudishia. Akageuka akaniangalia macho yametoka, "wameitikia." Baba yake akataka kuanza kueleza mwangwi nikamkanyaga mguu, yapo maelezo ambayo yanaweza kusubiri.

Ukumbi wa kwanza ni mkubwa, juu kunafika kama mita 13, na bado kuna mwanga wa mlangoni kwa hiyo mtoto anapata muda wa kuzoea. Tukae hapo kidogo, nilimwambia muongozaji, na hakuwa na haraka. Ukienda na watoto msikubali kuunganishwa na kundi la watu wazima wenye mbio zao, mtakuwa mnakokotana tu. Tuliomba tuwe peke yetu na ilikuwa mapema kwa hiyo haikuwa shida.

Afu ndio mnaanza maumbo. Kama umewahi kwenda Amboni unajua, tochi inamulika ukutani, "hii ni meli, huyu mamba, hapa sofa, huu mguu wa tembo." Watu wazima tunasema aaa kweli, hata kama hatujaona kitu. Watoto hawana adabu hiyo. Kwenye meli Wa Kati akakataa katakata.

"Hiyo sio meli, hiyo pasi."
"Hii ni meli, angalia hapa mbele..."
"Pasi ya mkaa. Mkia wake huo."

Muongozaji akamulika upya, akainamisha kichwa, akaguna. Akasema ameongoza watu hapa miaka na leo ndio ameiona pasi. Basi kuanzia hapo mchezo ukageuka, yeye akawa anamulika bila kusema na watoto ndio wanasema, tukapata kuku aliyelalia mayai, tukapata bibi amekaa anasuka mkeka, Mkubwa akapata pikipiki ambayo mpaka sasa mimi naona ni jiwe tu. Hii sehemu ndio ilichukua muda mrefu kuliko zote na ningeomba ichukue zaidi. Mimi msimamo wangu ndio huo, kuorodheshewa maumbo mtoto wa miaka mitano anachoka kwenye la tatu, lakini ukimpa tochi umwambie atafute yake hatoki leo.

Yale yanayoning'inia kutoka juu ni stalaktiti, yanayoota kutoka chini stalagmiti, yakikutana yanakuwa nguzo. Tulikuwa tumetoka kwenye masika kwa hiyo yalikuwa yanadondosha maji, tone la kwanza lilimpiga baba watoto utosini akaruka. Muongozaji akasema ukuaji wake ni sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, kama na hiyo inafika. Mkubwa akapiga hesabu hapo hapo: kwa maisha yangu yote tisa limekua hata milimita moja halijafika? Halijafika. Ndio maana hakuna kushika. Mafuta ya mkono yakikaa kwenye jiwe maji yanateleza bila kuacha chokaa, na pale uliposhika panaweza kugoma kukua. Nikawaonyesha watoto sehemu zilizoshikwa sana zimekuwa nyeusi na zinang'aa, nyingine zimegoma kabisa. Na majina! Watu wamechonga majina yao humo ndani, ya zamani na ya juzi, fulani na fulani na moyo katikati. Nilishindwa kuwaeleza watoto kwa nini mtu mzima anafanya hivyo na sikujaribu kumtetea.

Njia zikaanza kubana. Nilikuwa nimembeba Kitinda mgongoni kwa kanga na kijana akaniambia kabla hatujaingia, dada mhamishie mbele, mgongoni humuoni na ukiinama wewe kichwa chake ndio kinabaki juu. Wabebaji wa mgongoni mlisikie hilo. Mbele namkinga na mkono wangu mwenyewe kichwani na naona anaelekea wapi. Zipo sehemu unatambaa kabisa, magoti kwenye tope, na hapo nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu kwa sababu Wa Kati anapita kasimama wima, mikono nyuma kama mkaguzi, anatuangalia sisi tumelala chini tunahema. "Mama mbona mnatambaa?" Mtoto pango limemtosha. Baba yake alikwama begani sehemu moja, sio kukwama sana, lakini uso ulibadilika, na Mkubwa ndiye aliyerudi nyuma akamwambia, "Baba, ukitaka kutoka sema tu nataka kutoka." Hakutaka. Akasogea kiubavu akapita. Jasho lile sio la joto tu.

Chumba cha mzimu ni kidogo na hapo sauti zetu zenyewe zilishuka bila kuambiwa. Watu bado wanakuja kuomba humo, kuna waliokosa watoto, kuna wagonjwa, na wanaacha vitu, sarafu, vitambaa, chupa za marashi. Wa Kati akaona hela akachuchumaa fasta, nikamdaka mkono, nikamwambia hizo ni za watu waliokuja kuomba kitu wanachokitaka sana. Akauliza wamepewa? Nikasema sijui. Mkubwa akauliza mzimu hizo hela anaenda kununua nini. Muongozaji hakucheka wala hakukasirika, akajibu kwamba mtu ukimpenda unampa zawadi hata kama yeye anayo. Nimeona wageni wengine mtandaoni wanaifanyia utani hiyo sehemu. Mimi wanangu niliwaambia tu hapa watu wanaomba, na ukiwa mahali watu wanaomba unatulia, iwe ni kwenu au sio kwenu.

Halafu giza. Kuna mahali muongozaji anawaomba mzime tochi zote. Alituuliza kwanza, na mimi nikawauliza watoto, tukakubaliana tunahesabu mpaka tano tu na wote tumeshikana mikono. Tukazima. Hili sio giza la umeme kukatika nyumbani, kule nyumbani ukikaa dakika mbili macho yanazoea unaanza kuona dirisha, huku hata ukae kutwa hakuna kitu cha kuzoea kwa sababu mwanga haupo kabisa, hata kidogo. Moja, mbili... Wa Kati akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, nimefumba macho au nimefumbua?"

Tulifika tano. Akasema, "tena." Tukahesabu tena, baba watoto alikuwa amenishika mkono mpaka pete inauma. Kitinda alikuwa amelala toka kwenye lile jiwe la pasi.

Hadithi za pale ni nyingi. Watoto walitekwa na ya Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, watu waliokuwa wanatafutwa na polisi wa mkoloni miaka ya hamsini, kuanzia 1952 hivi mpaka 1956, inasimuliwa walikuwa wananyang'anya mabwana wa Kizungu wanawapa maskini na wakifukuzwa wanapotelea humu ndani, polisi hawathubutu kuwafuata. Nyingine ni kwamba kuna tundu linatokea Mombasa, na nyingine ndefu zaidi, kuna Wazungu waliingia na mbwa wao wakapotea, wao hawakuonekana tena ila mbwa akaja kukutwa Kilimanjaro. Mkubwa akawa anaiamini hiyo ya mbwa kwa moyo wote mpaka kijana akamwambia mwaka 1994 walikuja watafiti Wajerumani na Waturuki wakayapima mapango, wakakuta yapo kumi na lile refu kuliko yote ni kama mita 900. Yapo kumi lakini wageni wanaongozwa kwenye moja tu. Mita 900 hufiki hata lami.

Kimya. Afu Mkubwa, "labda mbwa alikuwa anajua njia ambayo wao hawakuiona." Na kijana akasema, labda. Nikampenda tena.

Popo wapo, wengi, na harufu ya mavi yao utaipata kabla hujawaona. Wale wakubwa ni popo wa matunda, giza likiingia wanatoka kwa maelfu kwenda kula. Hawana shida na wewe ukiwaacha. Kwa watoto sheria ni hakuna kumulika kundi lao, hakuna kushika popo hata aliyeanguka, hakuna kushika kuta zenye uchafu wao, hakuna kula wala kunyonya kidole mpaka tumetoka tumenawa na sabuni. Sio kuwatisha, ila kirusi cha Marburg kimeshahusishwa na popo wa matunda wanaokaa mapangoni kwenye nchi za jirani, kwa hiyo kunawa sio jambo la kubishana. Kwa mdogo anayenyonya kila kitu kama Kitinda kuwa amefungwa kwenye kanga ilisaidia sana, mikono ndani.

Tulitokea kwenye mwanga mwingine, kuna uwazi juu na mizizi ya mti imeshuka kutoka huko mpaka ndani inatafuta maji. Jumla ilikuwa kama saa moja na kidogo. Inatosha. Muongozaji alisema angeweza kutupeleka mbele zaidi na Mkubwa alitaka, lakini nilimwona Wa Kati ameanza kukanyaga miguu ya watu, na hiyo kwake ndio dalili. Tukanawa, tukakaa chini ya mti tukala maandazi ya shangazi, baba watoto akalala chali kwenye nyasi anaangalia mbingu na hakusema kitu muda mrefu.

Viatu: raba zenye meno. Sandals hapana. Tochi kila mtu yake na moja ya ziada, ya Wa Kati ilizimika kabla hatujafika kwa mzimu na bila ya akiba pangekuwa na msiba.

JUMAPILI, birika, maji moto na bahari

Asubuhi shangazi anachemsha chai, mimi nikachungulia ndani ya birika lake. Ukoko mweupe, umekaa miaka, mgumu. Nikamwita Mkubwa nikamwambia njoo uone stalaktiti ya bibi.

Kwa sababu ni kitu kile kile. Mvua ikipita kwenye udongo inachukua hewa ya ukaa inakuwa na ukali kidogo, huo ukali ndio unakula jiwe la chokaa taratibu na kuchonga pango. Maji yale yaliyobeba chokaa yakifika kwenye dari ya pango yanaiachia ile hewa, chokaa haina tena cha kuishikilia, inabaki pale, chembe juu ya chembe. Kwenye birika moto ndio unaifukuza hewa haraka haraka, kwa hiyo bibi anapata kwa miaka michache kile ambacho pango linatafuta kwa maelfu. Mkubwa akataka kuona na upande wa kula jiwe. Tukakamua ndimu ndani ya birika. Ukoko ukaanza kutoa povu, vipovu vidogo vidogo, ile ndio hewa ya ukaa inatoka, na baada ya muda ukikwangua na kijiko unatoka. "Kwa hiyo ndimu ndio mvua," akasema, "na birika ndio mlima." Shangazi akaja akauliza ndimu zake za samaki ziko wapi. Tulipomweleza akasema birika sasa linang'aa lakini samaki mtampaka nini, ikabidi baba watoto aende sokoni.

Mchana Galanos, maji moto, sio mbali na mapango. Maji yanatoka ardhini yana salfa, harufu ya kiberiti kali, watu wanakuja kuoga kwa ajili ya ngozi na viungo. Wa Kati akaziba pua akakataa kushuka kwenye gari, Kitinda akataka kuyanywa. Dakika kumi tukaondoka. Wenye watoto wadogo, mnaweza kuruka hii.

Jioni Raskazone, bahari. Wa Kati alisimama kwenye maji mpaka magotini akaitazama muda, akasema "kumbe ilisogea hapa." Afu akaingia na nguo.

JUMATATU, kurudi

Kurudi hakuna la kuandika sana. Shangazi kampa kila mtoto embe na kamfuta Kitinda wanja, amesema kazi yake imeisha. Tope la pango kwenye suruali ya baba watoto halijatoka kwa sabuni ya kwanza wala ya pili, nguo nyeusi bora, au zile ambazo hutazililia.

Kuanzia Muheza mpaka Segera baba watoto alikuwa anasimulia ya Osale upya, ila kwa kila kona ya barabara Osale anakuwa mrefu zaidi na polisi wanaongezeka, kufika Kabuku polisi walikuwa mia mbili na Osale ana farasi. Wa Kati akamuuliza farasi alipitaje pale ulipokwama wewe. Hakuna aliyemjibu.

Mkubwa sasa hivi amehamia Kondoa. Amesoma kwamba kuna michoro ya miambani, ya watu wa kale, ipo kwenye urithi wa dunia toka 2006, na anataka likizo ya Desemba tuende. Baba yake amesema tutaona. Akanitupia jicho akauliza kwa sauti ya chini kama kule ni kwa kutambaa. Nimemwambia hapana, ile ni miamba ya wazi, unasimama nje unaangalia ukutani, jua linakupiga mgongoni. Akasema basi twende. Kwa hiyo kama kuna mtu wa Dodoma humu, barabara ya kutoka Kondoa mjini kwenda Kolo kwenye michoro ikoje Desemba kwa gari ndogo? Na kupanda pale kwa mtoto wa mitano inawezekana au atanidai nimbebe?